Vitambaa vya Kwaya Vilivyopotelea Njiani

Mimi ndiye niliyesema vitumwe kwa posta. Ni vizuri nikianza hapo, maana wanakwaya wenzangu, kwa wema wao, hawakulitamka jambo hilo mbele yangu hata siku moja, na wema ule uliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma.

Nilikuwa katibu wa kwaya ya kigango chetu, nje kidogo ya mji wa Muleba. Tulikuwa watu thelathini na mmoja. Wengi walikuwa wakulima wa migomba na kahawa, wanaofika mazoezini na udongo wa kibanja, shamba la nyumbani, ukiwa bado kwenye vidole vya miguu. Palikuwa na mafundi cherehani wawili, dereva mmoja wa bodaboda ambaye besi yake ilitikisa vioo, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi. Mwenyekiti wetu alikuwa mkulima wa kahawa wa miaka sabini na kitu, mtu mfupi mwenye kofia ya sufi ambayo aliivua wakati wa misa tu. Tulimwita Mzee, basi.

Mwaka huo tulipata habari kwamba kigango chetu kitapandishwa kuwa parokia, na kwamba Baba Askofu atakuja mwenyewe. Sisi hatukuwahi kuwa na sare. Kila mmoja alivaa alichonacho, na tukisimama mbele ya altare tulionekana kama meza ya mitumba. Mzee akasema safari hii hapana.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Morogoro, na kazi yake ni kutengeneza batiki. Nilimpigia simu, akasema atatutengenezea majora mawili: msingi wa rangi ya maziwa, juu yake matawi ya mbuni yenye buni nyekundu zilizoiva, na katikati ya matawi neno la kupiga kwa muhuri wa mbao.

"Nipe neno, dada," akasema. "Moja tu, tena fupi."

Neno hilo lilimaliza mazoezi mawili mazima. Wa sauti ya kwanza walitaka "Aleluya". Wa besi walitaka jina la kigango. Mtu mmoja alipendekeza sala nzima. Mwishowe Mzee akagonga benchi kwa ufunguo wa baiskeli yake.

"Kasinge," akasema.

Kasinge ni neno letu la Kihaya. Unamwambia aliyekupa kitu, aliyerudi salama safarini, aliyejifungua, aliyeshinda kesi. Ni asante na hongera na karibu tena, vyote kwa pamoja. Hakuna aliyebisha.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua acheke au alie.

"Dada, fundi aliyechonga muhuri ameniharibia kazi."

"Kafanyaje?"

"Muhuri unachongwa kinyume ili ukipigwa usomeke sawa. Yeye kageuza herufi zote, kasahau S na N. Sasa hizo mbili zimetoka zimetazama nyuma. Na mimi nilishapiga jora zima ndipo nikaona."

Alinitumia picha. Kweli, S ilikuwa imegeuka kama nyoka aliyekumbuka kitu nyumbani, na N imekaa kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Niliipeleka mazoezini, simu ikapita mkono kwa mkono. Mzee aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mungu anasoma hata kinyume," akasema. "Mwambie apige na jora la pili."

Hapo ndipo lilipokuja suala la usafiri. Mdogo wangu alitaka kuvituma kwa basi. Anampa konda, ananipa namba ya konda, mimi napokea hapa Muleba. Watu wote wanafanya hivyo. Nikakataa. Ningependa kusema kwamba nilikuwa na sababu nzito, lakini ukweli ni kwamba wiki ileile nilikuwa nafundisha darasa la tano namna ya kuandika barua ya kirafiki: anwani juu kulia, tarehe chini yake, sanduku la posta, stempu. Msichana mmoja alinyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, wewe umewahi kupokea barua?"

"Nyingi," nikasema.

"Ya mwisho lini?"

Darasa zima likanitazama. Nikajaribu kukumbuka, nikaona kwamba barua ya mwisho niliyoandikiwa na mtu, siyo na benki, ilikuja kabla wao hawajazaliwa. Nilitoka darasani nimeudhika kwa niaba ya posta zote duniani. Jioni nikampigia mdogo wangu nikamwambia: kwa posta, na stakabadhi, na namba ya kufuatilia.

"Dada," akasema taratibu, "umesahau picha zangu za harusi?"

Sikuzisahau. Miaka mingi nyuma alimtumia mama yetu, aliyeko kijijini Kashozi, bahasha ya picha za harusi kupitia sanduku la posta la shule. Bahasha ilifika imechanwa ubavuni. Ndani mlikuwa na barua inayosema "kama unavyoona kwenye picha", na picha haikuwamo hata moja. Mama aliisoma barua ile mara nyingi sana, na kila akifika hapo aliinua macho akatazama ukutani, kana kwamba picha zimeshatundikwa. Lakini zile zilikuwa zama nyingine, nikamwambia mdogo wangu. Siku hizi kila kitu kimo kwenye kompyuta.

Akavituma.

Dada wa dirisha la vifurushi pale posta ya Muleba alikuwa msichana mpole mwenye miwani, na tulizoeana upesi kwa sababu nilikuwa napita kila nikitoka shule. Wiki ya kwanza kompyuta yake ilisema kifurushi kiko njiani. Wiki ya tatu kilikuwa njiani. Wiki ya tano nilipotokea mlangoni alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu," akasema siku moja, "niachie namba yako ya simu. Kikifika nitakupigia mwenyewe, upumzishe miguu."

Alipiga Ijumaa saa sita mchana, wiki tatu tu kabla ya sherehe. Nilikimbia. Kifurushi kilikuwa pale juu ya meza, katoni kubwa, mwandiko wa mdogo wangu ubavuni, uzito wake uleule ulioandikwa kwenye stakabadhi. Nikatia sahihi kwa mbwembwe. Yule mwanakwaya wetu wa bodaboda alikifunga nyuma ya pikipiki, akakipeleka hadi kanisani akipiga honi kama anayepeleka bibi harusi.

Ningeweza kukifungua peke yangu. Sikutaka. Niliona ni haki ya kwaya nzima kukifungua, na nilitaka, sitaficha, kuonekana nikiwa nimesimama kando yake. Tulikusanyika wote jioni, akina mama wakapiga vigelegele, Mzee akatoa kisu chake cha kupogolea kahawa akakata gundi.

Juu palikuwa na kipande cha gunia. Chini ya gunia palikuwa na magazeti. Chini ya magazeti palikuwa na viazi vitamu.

Vilikuwa vikubwa, vina udongo, na vingine vimeshaanza kuchipua vijani vya zambarau. Kisha dada mmoja wa sauti ya kwanza akanong'ona, "Labda vitambaa viko chini ya viazi."

Tukavitoa kimoja kimoja, kwa heshima, tukivipanga kwenye benchi. Mzee akaingiza mkono katika pembe zote nne. Mwisho alitoa kiganja chake kikiwa na vumbi tu.

Nilikaa chini palepale. Naikumbuka sakafu ya kanisa ilivyokuwa baridi, na jinsi nilivyoogopa kuinua uso. Nikasikia mama mmoja wa sauti ya pili, mkulima hodari kuliko wote, akisema kwa sauti ya utafiti, "Lakini mbegu hii huku kwetu sijapata kuiona."

Mzee akaanza kucheka. Alianza kidogo kidogo, mabega tu, halafu akashika benchi, halafu kofia yake ikadondoka. Aliyefuata ni mtu wa bodaboda. Basi tukacheka wote, watu thelathini na mmoja mbele ya safu ya viazi, na mimi nikicheka machozi yanashuka, sijui yapi ya kicheko na yapi ya aibu. Jumapili baada ya misa tulivichemsha tukavila. Vilikuwa vitamu sana, jambo lililoniongezea hasira.

Jumatatu nilirudi kwa dada wa miwani. Nilipomweleza alitoka nyuma ya dirisha, akaja akanishika mkono. Tulipekua karatasi pamoja. Kifurushi kilikuwa kimepimwa zaidi ya mara moja njiani, na kila mahali uzito ulikuwa uleule.

"Mwizi huyu alikuwa na mizani," akasema kwa mshangao, karibu kwa heshima.

Alinijazia fomu ya malalamiko kwa mkono wake mwenyewe na akaifuatilia kuliko nilivyoifuatilia mimi. Mahali hasa kilipofunguliwa sijui mpaka leo. Kilipita katika mikono mingi na magari mengi, na sitaki kumsingizia mtu. Mdogo wangu, nilipompigia, hakusema "nilikwambia". Aliuliza tu, "Viazi vya aina gani?" Muda wa kutengeneza majora mengine haukuwapo. Kikao cha kwaya kikaamua: blauzi na mashati meupe, sketi na suruali nyeusi, na utepe mwekundu shingoni ili tufanane angalau kwa kitu kimoja. Utepe huo mimi nikautafute Bukoba.

Basi Jumamosi nikaondoka. Nilipanga nikanunue utepe mtaa wa Miembeni, halafu nipande kwenda Kashozi kumwona mama. Nilikuwa katika duka la vifungo na nyuzi, namwomba muuzaji anipunguzie bei ya ile roli ya utepe, nikaona mama mmoja ameingia kuomba pini. Alikuwa amevaa gauni refu la rangi ya maziwa lenye matawi ya mbuni.

Nilidhani akili yangu inanichezea, kwa jinsi nilivyokuwa nimeviota vitambaa vile. Nikasogea. Alipogeuka kulipia, nikasoma mgongoni mwake, kati ya bega na bega, neno letu. S imetazama nyuma. N imetazama nyuma.

"Mama, samahani," nikasema. "Hilo gauni."

"Zuri, ee?" akajibu, akajizungusha ili nione pande zote. "Ni sare yetu mpya. Leo ndiyo mara ya kwanza tunazivaa."

"Mko wangapi?"

"Kumi na wanane. Kwaya ya akina mama ya usharika. Tunapiga picha ya kalenda. Njoo utuone, bojo," akanibembeleza kwa Kihaya, "tumependeza kupita kiasi!"

Nikamfuata. Roli ya utepe niliisahau kaunta. Njiani alinisimulia jinsi walivyoshonewa, jinsi fundi alivyotaka kuweka marinda wakamkataza, na mimi naitikia ee, ee, huku kichwani napanga maneno makali. Nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa nimeyakusanya wiki nzima na sikuwa nimempata wa kumpa.

Aliniingiza katika ua wa nyumba moja, na pale, mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya samawati, wamesimama wenzake kumi na saba, wanene kwa wembamba, wakiimba huku mpiga picha akitafuta mahali pa kusimama. Sauti ya tatu ya akina mama wale! Ilikuwa nzito na laini kama uji wa ulezi. Na kila walipoyumba kulia, buni nyekundu ziliyumba kulia. Ndiyo mara ya kwanza kuviona vitambaa vyetu kwa macho yangu, maana kabla ya hapo niliviona kwenye simu tu, na sikuwa nimefikiria kwamba vingekuwa vizuri kiasi kile. Maneno makali yote yakanipotea. Nikasimama nikawasikiliza mpaka ubeti wa mwisho.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema walipomaliza.

"Bwana asifiwe," wakaitika, wakatazamana wakacheka, kwa kuwa salamu ilishasema kwamba mimi ni Mkatoliki na wao ni Walutheri.

Kiongozi wao alikuwa muuguzi, mama mrefu mwenye nywele fupi za mvi, na ua ule ulikuwa wa kwake. Nilimweleza yote, tangu Morogoro mpaka viazi. Sikupandisha sauti. Nilipofika kwenye viazi, wawili walifunika midomo kwa mikono. Muuguzi hakucheka.

"Mwalimu," akasema, "sisemi kuwa unadanganya. Lakini nionyeshe."

Nikatoa simu. Nikamwonyesha picha ya muhuri, picha ya majora yakiwa yameanikwa kwenye kamba huko Morogoro, picha ya stakabadhi. Kisha nikaona bora nimpigie mwenye kazi yake. Mdogo wangu akatokea kwenye kioo cha simu, mikono ina rangi hadi viwiko. Nikaigeuza simu kuelekea akina mama.

Alipiga yowe mpaka mpiga picha akashtuka.

"Dada! Ndizo zenyewe! Ndizo! Hebu yule wa pembeni ageuke." Akageuka. "Mungu wangu. Nani aliwashonea? Mikono imekaa vizuri ajabu!"

Hapo hata muuguzi akashindwa. Aliketi kwenye kizingiti cha mlango wake akacheka kidogo, kisha akajipangusa uso kwa kiganja, uso ukawa mzito tena.

"Tumevaa mali ya wizi," akasema. "Tena mali ya kanisa. Na hizo herufi, tulijiuliza kweli. Tukasema labda ndio mtindo."

Mama mmoja wa nyuma, kwa uchungu wa kweli, alikwishaanza kushusha zipu ya gauni lake.

"Wee! Usivue hapa!" wenzake wakamrukia, na ua mzima ukaangua kicheko.

Walikuwa wamevinunua sokoni, kwa mfanyabiashara wanayemfahamu, ambaye aliwaambia ni mzigo uliokosa mwenyewe. Muuguzi alivaa kanga juu ya gauni, akanichukua, tukaenda kwake saa ileile. Mfanyabiashara alikuwa mtu wa makamo, na alipomwona muuguzi na uso ule, na mimi na stakabadhi yangu, alifunga duka bila kuulizwa mara mbili. Alisema aliuziwa na mtu wa pikipiki asiyemfahamu, aliyemletea majora mawili ndani ya mfuko wa saruji, na kwamba alipaswa kuuliza maswali ambayo hakuyauliza. Akafuatana nasi kituo cha polisi, akaandika maelezo yake, nasi tukaandika yetu. Mtu huyo wa pikipiki hajapatikana mpaka leo. Lakini kabla hatujaachana, mfanyabiashara yule aliomba samahani mbele ya askari, kwa Kihaya, kwa maneno ya mtu mzima, nami nikaipokea.

Tuliporudi, akina mama walikuwa wamevua magauni, wameyakunja vizuri na kuyapanga mezani, kumi na manane, na juu yake kitambaa kilichobaki baada ya kushona.

"Chukua," muuguzi akasema.

Niliyatazama. Kila moja lilikuwa limekatwa kwa mwili wa mwenyewe. Lile la juu ningeingia mara mbili. Nikafikiria wanakwaya wangu, wanaume na wanawake, wembamba wa jembe, wakijaribu kuyapunguza kwa siku kumi na tano zilizobaki.

"Siwezi kuyachukua," nikasema.

"Na sisi hatuwezi kuyavaa."

Tukakaa. Mtu akaleta chai. Tukanywa, na nadhani ni wakati huo, nikiwa bado naisikia ile sauti ya tatu masikioni, ndipo wazo liliponijia.

"Mnajua kuimba nyimbo zetu?" nikauliza.

Muuguzi akanitazama juu ya kikombe. "Nusu yake ni zetu. Mmebadilisha maneno tu."

Jumanne yake nilisimama mbele ya kwaya yangu nikawaeleza: akina mama wa Kilutheri kumi na wanane watakuja siku ya sherehe, wamevaa yale magauni, waimbe pamoja nasi. Kitambaa kilichobaki kitatosha vilemba vya wanawake wetu na tai za wanaume. Utepe hautahitajika. Kwanza palikuwa na furaha kwamba vitambaa vimepatikana. Kisha mtu mmoja wa besi akanung'unika, "Yaani wageni wavae gauni zima, sisi wenye mali tuvae tai?"

Wengine wakaguna. Nilikuwa naandaa jibu, lakini Mzee aliniwahi.

"Wana sauti ya tatu?" akauliza.

"Wanayo, waitu," nikamjibu kwa heshima. "Nimeisikia."

"Sisi tunayo?"

Sauti yetu ya tatu ilikuwa vijana wawili, na mmoja wao alikuwa na mafua tangu Pasaka.

"Basi wavae gauni," Mzee akasema, kikao kikaisha.

Walikuja mazoezini mara mbili, wakiwa wamekodi basi dogo kutoka Bukoba. Sijapata kuona mazoezi yenye ugomvi mtamu kama yale. Wao waliimba taratibu, sisi haraka. Wao walivuta neno la mwisho, sisi tulilikata kama shina la mgomba. Mzee na muuguzi walisimama mbele, kila mmoja akipiga mkono kwa kasi yake, na sisi katikati tukifuata huyu mstari mmoja, yule mstari mwingine, mpaka tukawa tunaimba mwendo wa tatu ambao haukuwa wa mtu. Huo ndio uliokuwa mzuri. Mafundi cherehani wetu wawili walishona vilemba na tai kwa siku tano, na kwa mabaki ya mabaki wakamvalisha Mzee utepe kwenye kofia yake ya sufi.

Mdogo wangu hakuniambia kwamba anakuja. Ijumaa kabla ya sherehe nilirudi kutoka shule nikamkuta ameketi barazani kwangu, amelipakata begi lake kwa mikono miwili kama mtu aliyelisafirisha hivyo usiku na mchana kutoka Morogoro. Nadhani ndivyo alivyofanya. Alikuwa hajarudi nyumbani kwa miaka minne. Tulikumbatiana mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Siku ya sherehe ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka, na migomba yote ikawa inang'aa kama imepakwa mafuta. Watu walijaa kanisani, wakajaa nje, wakajaa mpaka barabarani. Dada wa dirisha la vifurushi alikuja, maana nilimwalika, akaketi karibu na mama yangu, ambaye aliletwa kutoka Kashozi kwa gari la mpwa wangu. Tulipoingia kwa maandamano, akina mama wa Bukoba katikati na magauni yao, sisi pembeni na weupe wetu na vilemba, watu walisema "aaah" kwa pamoja. Wengi walidhani tulipanga hivyo tangu mwanzo, kwamba kilemba na gauni ni mafungu mawili ya sare moja. Hatukuwasahihisha.

Tuliimba. Siwezi kuandika jinsi tulivyoimba. Naweza kusema tu kwamba katika wimbo wa matoleo ile sauti ya tatu ilipopanda kutoka katikati yetu, mtu wetu wa bodaboda, ambaye hakuwahi kukosea besi maisha yake yote, alisahau kuingia kwa sababu alikuwa anasikiliza. Niligeuka nikamwona mdogo wangu kwenye safu ya nne, anaimba pamoja nasi, anatazama migongo yetu na anasogeza midomo. Mama alikuwa amemshika mkono. Baba Askofu katika mahubiri alisema amefurahi kuona parokia mpya inaanza ikiwa na majirani, kisha akaendelea na mengine.

Baada ya misa tulikula ndizi na nyama na samaki, ngoma zikapigwa, na muuguzi akacheza na Mzee mpaka vumbi likawafika magotini. Mtu yule wa besi aliyenung'unika kuhusu tai nilimkuta akimfundisha mama mmoja wa Kilutheri namna sisi tunavyokata neno la mwisho. Basi lao liliondoka saa kumi na moja jioni. Waliimba madirishani hadi barabara kuu, nasi tukawaitikia kutoka huku mpaka hatukusikiana tena.

Ibada ya mavuno ilipofika, akina mama wale wakatualika kwao Bukoba. Tulikwenda wote, kwa basi dogo lilelile. Kanisani walitugawia vitabu vyao vya nyimbo, Mzee akakataa kuvaa miwani mbele ya wenyeji, akafungua palipofunguka. Aliimba wimbo mzima akitazama ukurasa usio wenyewe, kwa sauti kubwa, kwa maneno yetu, na muuguzi aliyekuwa kando yake akakifunga kitabu chake mwenyewe taratibu, akamfuata.